Taa za Mchana za Lori: Namna ya Kuzikagua na Kubadilisha Balbu Zake

Barabara kuu itokayo Mwanza kupitia Musoma hadi mpakani Sirari hupitisha malori mengi. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, malori hayo hutumia njia moja na waendesha bodaboda, wanafunzi waendao shule kwa miguu na mifugo inayovushwa barabara. Kwenye njia za changarawe, vumbi la gari moja laweza kulificha jingine kabisa. Taa za mchana zimewekwa ili lori lionekane mapema, na mmiliki mwenye kuzitunza huwalinda watu hao pamoja na mali yake.

Taa hizi ni zipi?

Ni taa mbili za mbele zinazowaka zenyewe injini inapowashwa, na kuzimika taa kuu zinapowashwa. Umoja wa Ulaya uliziagiza kwa aina mpya za magari madogo kuanzia Februari 2011, na kwa malori na mabasi kuanzia Agosti 2012. Kwa hiyo lori lililotengenezwa kwa soko la Ulaya baada ya hapo huwa nazo, ilhali malori mengi ya zamani hayana.

Jambo moja lapaswa kueleweka vyema. Katika malori mengi, taa za mchana zinapowaka, taa za nyuma haziwaki. Dereva aliye katikati ya vumbi, mvua au ukungu wa asubuhi anaweza kudhani kuwa anaonekana, kumbe anayemfuata haoni mwisho wa tela. Katika hali hiyo washa taa kuu zikiwa zimeinamishwa, hata kama ni saa sita mchana.

Ukaguzi

Tunashauri ukaguzi ufanyike kila wiki, na kila baada ya safari ndefu ya njia ya vumbi. Egesha lori mahali tambarare, weka vizuizi kwenye magurudumu, kisha washa injini huku taa kuu zikiwa zimezimwa. Msaidizi asimame kando ya gari, kamwe asisimame mbele yake.

Usiharakishe kusema kuwa balbu imeungua. Baadhi ya malori huzima taa za mchana breki ya mkono ikiwa imevutwa, na mengine huzima au kufifiza taa ya upande mmoja kiashiria cha upande huo kinapowaka. Dereva akanyage breki ya mguu, aachie breki ya mkono, kisha mtazame tena.

Taa moja ikishindwa kuwaka, shuku kwanza balbu, soketi au waya wa erthi wa upande huo. Zote mbili zikishindwa, anza na fyuzi na rilei. Taa ikiwaka kwa unyonge, mara nyingi sababu ni kutu kwenye soketi au erthi iliyolegea. Uchafu juu ya kioo nao hupunguza mwanga, hivyo osha kioo kabla ya kununua chochote.

Kuchagua balbu

Malori makubwa hutumia umeme wa volti 24, unaotokana na betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo. Pikapu na malori mengi madogo hutumia volti 12. Balbu ya volti 12 ikifungwa kwenye mfumo wa volti 24 huungua mara moja au baada ya muda mfupi. Ya volti 24 kwenye mfumo wa volti 12 huwaka kwa unyonge. Nenda dukani na balbu ya zamani, ukalinganishe maandishi ya kitako chake, kwa mfano P21W, 24V, 21W. Usiongeze wati kwa kutaka mwanga mkali, maana joto la ziada huyeyusha soketi na kuharibu kioo.

Ikiwa taa za lori lako ni za LED, kwa kawaida hakuna balbu ya kubadilisha. Taa nzima ndiyo hubadilishwa. Fundi athibitishe kwanza kwamba umeme unaifikia taa hiyo, usije ukalipia taa mpya kwa kosa la waya.

Kubadilisha

Zima injini, ondoa ufunguo na uache balbu ipoe. Fungua kifuniko cha nyuma ya taa, sukuma balbu kidogo, izungushe kinyume cha saa na uitoe. Safisha soketi iliyo kavu. Shika balbu mpya kwa kitambaa safi, hasa ikiwa ya halojeni, kwa sababu mafuta ya vidole hufupisha maisha yake. Rudisha mpira wa kuzuia maji mahali pake, kwani vumbi na unyevu huingia hapo. Ni vyema kubadilisha balbu zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa zimetumika kwa muda uleule.

Balbu ikiungua mara kwa mara, usiendelee kununua nyingine. Mtake fundi apime chaji injini ikiwa inazunguka. Kwa mfumo wa volti 24, kipimo cha kawaida ni takriban volti 28. Fyuzi iliyokatika ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zilezile. Fundi akitaka kuunganisha waya mahali pa fyuzi, mkatalie: waya huo hauwezi kukatika kwa wakati, na lori lenye shehena laweza kuteketea.

Haki yako

Patana bei ya balbu na ya ufundi kabla ya kazi kuanza. Omba balbu ijaribiwe mbele yako, dai risiti ya EFD, na uhifadhi balbu ya zamani pamoja na kifungashio cha mpya. Ukishuku kuwa bidhaa ni bandia, toa taarifa kwa Tume ya Ushindani (FCC); ikiwa haina ubora, kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Risiti na kifungashio ndivyo ushahidi wa kwanza utakaoulizwa.