Paka wa Jirani na Njiwa wa Watoto Wetu

Ni nadra kupita katika mitaa ya Tabora, iwe Gongoni, Isevya au Ng'ambo, pasi na kumwona kijana aliyefuga njiwa katika kasha lililopigiliwa ukutani, au sungura wawili watatu katika banda la mbao chini ya mwembe. Na ni nadra zaidi kuupita mtaa usiokuwa na paka shume, yule mzururaji asiyejulikana mwenyewe, ambaye kila nyumba humlisha kidogo na kila nyumba humkana. Wawili hawa hukutana usiku. Asubuhi manyoya yamezagaa uani, mtoto analia, na baba wa nyumba, kwa uchungu wa mwanawe, ametuma mtu dukani akamletee sumu ya panya aitie katika kipande cha nyama. Ni juu ya kipande hicho cha nyama twataka kusema na wasomaji wetu mwezi huu.

Sumu haina macho. Nyama iliyotupwa nyuma ya ua haimngoji paka yule mmoja mwenye hatia. Huliwa na paka wa jirani ambaye hajapata kugusa njiwa, huliwa na mbwa mlinzi, na huweza kuokotwa na mtoto atambaaye. Nyingi katika sumu za panya ziuzwazo madukani huua kwa kuizuia damu isigande, nazo huchukua siku kadhaa. Basi mnyama hutokwa na damu ndani ya mwili wake hali akitangatanga, akaja kufia darini mwa mtu mwingine. Tena paka akiisha kuondoka panya huzidi, naye panya ni mwizi mkubwa wa mayai na makinda ya njiwa. Tusiseme habari za majirani wawili waliokuwa wakipeana mikono msikitini, na sasa kila mmoja hutokea mlango wake.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yafuatwayo na Waislamu wengi wa Afrika ya Mashariki, hawakuliacha jambo hili. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, amelitaja katika vitabu vyake vya fiqhi. Paka akimshambulia ndege, yaruhusiwa kumzuia papo hapo, kwa njia iliyo nyepesi kwanza, ndipo ifuate iliyo nzito ikiwa nyepesi haikufaa. Ama paka aliyetulia, hata akiwa ni yule ajulikanaye kwa uharibifu, kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba haifai kumwua. Na sababu iliyotolewa ni kwamba ukali wake si wa kudumu, na kujikinga naye ni jambo jepesi. Twaomba msomaji aizingatie sababu hiyo. Paka ameachwa hai kwa kuwa mwenye njiwa anao uwezo wa kufunga mlango. Basi mtu aliyelala na banda bovu, kisha akaamka akitafuta sumu, ameiruka kazi yake akakimbilia hukumu.

Wala paka si mgeni wa jana katika nchi hii. Wataalamu waliochunguza nasaba ya paka mwaka 2007 walionyesha kwamba paka wote wa nyumbani wametokana na kimburu, wa ile jamii iliyoenea Afrika na Mashariki ya Kati. Na kimburu yuko hata leo katika misitu ya miombo. Kilichomvuta akaja kwa watu ni panya, na kilichomvuta panya ni nafaka. Sasa itazameni Tabora ya zamani. Burton na Speke walipofika Kazeh, mwezi wa Novemba 1857, walikuta makao ya wafanya biashara wa Kiarabu na Kiswahili. Hapo njia ya misafara itokayo pwani iligawanyika, moja ikishika Ujiji na Ziwa Tanganyika, nyingine ikielekea kaskazini mpaka Karagwe na Buganda. Msafara uliweza kukaa majuma, pengine miezi, ukitafuta wapagazi, na watu wote hao walikula nafaka ya ghalani. Mahali pa namna hiyo panya hawakosekani, na penye panya paka ana kazi. Reli ilipofika mwaka 1912 mambo ya misafara yakafifia, lakini maghala na masoko yalibaki.

Kilichobadilika ni nyumba. Tembe ya zamani ilijengwa kuuzunguka ua wa ndani, na jioni watu, mbuzi na kuku waliingia, mlango ukafungwa. Atakaye kuliona umbo hilo na aende Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe ya makumbusho ya Livingstone, aliyekaa hapo mwaka 1872. Nyumba zetu za bati hazina ua wa namna ile. Kasha la njiwa hubaki nje, na paka hutembea juu ya bati kama mwenye nyumba.

Kufuga kiumbe mdogo kwa kuliwaza moyo si jambo la kulaumiwa. Abu Umair, mdogo wake Anas bin Malik, alikuwa na kidege chake cha kuchezea, na kilipokufa Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwuliza mtoto yule kwa upole habari za kidege chake. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, na mwanachuoni wa Kishafii, Ibn al-Qass, aliandika kijitabu kizima akitoa humo faida zipatazo sitini. Lakini ruhusa hiyo ina mzigo wake. Wote twaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimpe chakula wala asimwache ajitafutie. Watu huisoma kuwa ni habari ya paka tu. Sisi twaona yamhusu na njiwa wa kasha. Ndege wa mwituni akimwona paka huruka, na sungura wa porini hukimbia. Wewe ulipomfungia umemwondolea mbio na mbawa, na badala yake umempa mbao na waya. Ikiwa mbao hizo ni dhaifu, umemfunga amngoje paka.

Tuanze na waya, kwani hapo ndipo wengi hukosea. Wavu wa kuku wenye macho mapana humzuia kuku asitoke, wala haumzuii paka asiingize mkono. Paka hukaa nje, akapitisha kucha na kumvuta njiwa aliyelala karibu na waya, na asubuhi mtoto humkuta ndege wake amejeruhiwa au amekufa ndani ya banda lililofungwa vizuri. Tafuteni wavu mgumu wenye macho yasiyozidi nusu inchi, upigiliwe kwa misumari na kubanwa kwa ubao mwembamba, kwa sababu wavu uliofungwa kwa kamba hulegea. Ikiwa wavu huo ni ghali, wekeni tabaka mbili za wavu wa kuku, moja nje na moja ndani, ziachane kiasi cha shubiri. Tena sehemu moja ya banda iwe ya mbao pande zote, isiyo na waya kabisa, mnyama apate pa kujificha. Sungura hasa ana haja ya chumba hicho, maana aweza kufa kwa hofu peke yake, pasi na kuguswa. Mninga wa Tabora ni mbao bora, lakini si lazima. Mabaki ya karakana ya seremala yatosha.

Banda liinuliwe mita moja au zaidi. Paka aweza kuruka urefu huo na kuupita, ila akikosa pa kusimama hapati nafasi ya kufanya kazi yake. Kwa hiyo paa liwe la mteremko, banda liwe mbali na ukuta na matawi ya mwembe, kila mguu uvikwe bati laini lisiloshikika kwa kucha, na ubao wa kutulia njiwa uwe wa kukunjwa jioni. Kipande cha mti kizungukacho juu ya msumari si komeo. Tieni komeo la chuma. Paka huwinda zaidi machweo na alfajiri, basi mlango na ufungwe kabla ya Magharibi usifunguliwe mpaka jua litoke. Kazi hiyo apewe kijana mwenye njiwa, aifanye kabla ya kwenda msikitini.

Mwenye paka naye asikae akicheka. Nawawi huyo huyo asema kwamba paka aliyezoeleka kuharibu ndege au chakula cha watu, mwenyewe hulipa, iwe usiku au mchana. Asiyejulikana kwa tabia hiyo, hapana malipo. Jirani akiisha kukuletea mashtaka mara kwa mara, huwezi tena kusema hukujua. Mlishe paka wako. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba paka waliopewa chakula chenye nyama nyingi walipunguza mawindo waliyoleta nyumbani kwa zaidi ya theluthi, na waliochezeshwa na wenyewe dakika chache kila siku wakapunguza kwa robo. Sisi hatuna haja ya chakula cha mikebe, dagaa wa Kigoma wapo sokoni. Paka wa kulishwa ugali mtupu, akiiendea nyama ya njiwa, nani wa kumshangaa?

Njiwa akinusurika na jeraha dogo, msidanganyike na udogo wake. Kinywani mwa paka mna vijidudu viwezavyo kumwua ndege kwa siku mbili tatu, na dawa yake ipo ikiwahi. Apelekwe kwa bwana mifugo siku ile ile. Na mtoto aliyeng'atwa au kukwaruzwa alipokuwa akimwokoa njiwa wake aoshwe kidonda kwa sabuni na maji yatiririkayo muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali bila kungoja kesho, kwa kuwa kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia.