Dawa za Kujichanganyia Nyumbani Zisigeuke Sumu

Msomaji, hebu tazama chini ya meza ya jikoni mwako. Je, kuna chupa ya soda iliyotiwa mafuta ya taa, au dawa ya kupe iliyobaki baada ya kuogesha ng'ombe? Ikiwa ipo, iondoe kabla hujaendelea kusoma. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma. Ajualo ni kwamba chupa ya soda huwa na soda.

Maisha ni ghali, na si kila mtu anayemudu kumwita daktari wa mifugo au kununua sabuni maalumu. Tena, baadhi ya dawa za kujitengenezea ni nzuri. Kidonda kidogo cha mbuzi au mbwa chaweza kuoshwa kwa maji ya chumvi: chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisha uyaache yapoe. Vikombe vilivyoshika rangi ya chai husuguliwa kwa limau na chumvi, vikang'aa.

Hatari huja tunapochanganya vitu vikali. Klorini ya kufulia, ambayo wengi huiita Jik, ikikutana na siki, maji ya limau au asidi ya kusafishia choo, hutoa gesi inayochoma macho, koo na mapafu. Mkojo uliokaa hugeuka amonia, nayo ikikutana na klorini hutoa gesi nyingine kali. Kwa hivyo usimwage klorini katika banda linalonuka mkojo. Toa wanyama na samadi kwanza, osha kwa sabuni, suuza kwa maji mengi, ndipo utie klorini iliyochanganywa na maji baridi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Acha mlango wazi.

Mafuta ya taa hupakwa mbwa mwenye viroboto. Humwunguza ngozi, na anapojilamba huyameza. Dawa ya kupe nayo isipimwe kwa kukisia, wala isitumiwe kuua chawa kichwani mwa mtoto au kunguni kitandani. Baadhi ya dawa hizo hupenya ngozi na kudhuru mishipa ya fahamu. Mgonjwa hutokwa na jasho na mate mengi, hutapika, mboni za macho huwa ndogo, na hupumua kwa shida.

Ajali ikitokea, fanya hivi:

1. Aliyevuta gesi, mtoe nje penye hewa safi.

2. Aliyemwagikiwa na dawa, mvue nguo na umwoshe kwa sabuni na maji mengi. Macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi.

3. Aliyemeza, usimtapishe. Mafuta ya taa yakipanda tena huweza kuingia mapafuni. Usimlazimishe kunywa maziwa, hayaondoi sumu.

4. Mpeleke hospitalini mara moja, hata kama anaonekana mzima, na ubebe chombo cha dawa.

Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuiacha dawa katika chombo chake, mahali pa juu palipofungwa kwa kufuli. Chupa ya soda haina jina la sumu iliyomo. Bila jina hilo daktari huanza kwa kukisia, na sumu haimngoji.