Ng'ombe wa Usukuma katika hesabu ya methani

Jumapili moja baada ya Misa, mzee mmoja mfugaji kutoka upande wa Usagara alitusubiri nje ya kanisa. Alikuwa amesikia redioni kwamba ng'ombe wanaharibu hewa ya dunia, na swali lake lilikuwa fupi: "Frateri, kwa hiyo mnataka tuuze ng'ombe?" Siku ile hatukuwa na jibu la maana. Tulikwenda kusoma, na haya ndiyo tuliyopaswa kumwambia.

Tuanze na gesi yenyewe. Methani haina rangi wala harufu. Ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia inayotoka Songo Songo na Mnazi Bay kwenda kuzalisha umeme Dar es Salaam, na ndiyo hiyo hiyo inayotoka tumboni mwa ng'ombe, kwenye tope la majaruba ya mpunga na chini ya takataka zilizofukiwa. Popote mabaki ya mimea yanapooza bila kupata hewa, vijidudu huitengeneza. Ikifika angani hushika joto. Kilo moja ya methani, kwa kipindi cha miaka 100, huipasha dunia joto sawa na kilo 28 hivi za hewa ukaa, na kwa kipindi cha miaka 20 ni zaidi ya mara 80. Lakini haidumu. Wakati hewa ukaa hukaa angani kwa karne nyingi, methani huisha baada ya miaka kumi na miwili hivi. Ndiyo sababu mwaka 2021, katika mkutano wa Glasgow, nchi nyingi ziliahidi kwa pamoja kuipunguza duniani kwa asilimia 30 ifikapo 2030, zikilinganisha na kiwango cha 2020: ukiipunguza leo, nafuu yake unaiona ungali hai. Papa Fransisko naye aliitaja kwa jina katika Laudato Si', aya ya 23.

Sasa taifa linaipimaje? Hakuna afisa anayezunguka na kifaa puani mwa kila ng'ombe. Kinachofanyika ni kuzidisha. Jopo la kimataifa la wataalamu wa tabianchi, IPCC, limetoa mwongozo wenye viwango vya jumla. Katika mwongozo wa 2006, ng'ombe wa kawaida wa Afrika anahesabiwa kilo 31 za methani kwa mwaka, ng'ombe wa maziwa kilo 46, mbuzi au kondoo kilo 5. Chukua idadi ya mifugo, zidisha, umepata. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Hata tukihesabu milioni 30 tu, kwa kilo 31 kila mmoja, tunapata tani 930,000 za methani kwa mwaka. Nyingi ya gesi hiyo haitoki nyuma kama wengi wanavyodhani na kuchekea. Hutoka mdomoni, ng'ombe anapocheua na kupiga mbweu, maana vijidudu vya tumbo la kwanza ndivyo vinavyoyeyusha nyasi kavu ambazo sisi tusingeweza kuzila.

Njia hiyo ya kuzidisha huitwa ngazi ya kwanza. Ni rahisi, na kwa nchi isiyo na takwimu nyingi haina mbadala. Lakini tulipoitazama vizuri tuliona ina kasoro inayomgusa mzee wetu moja kwa moja. Katika ngazi ya kwanza, kila ng'ombe asiye wa maziwa ni kilo 31, basi. Mfugaji akiboresha malisho, akichanja, ndama wake wakaacha kufa, mtamba akazaa mapema, hesabu haioni chochote. Kitu pekee kinachoweza kushusha namba ni kupungua kwa vichwa. Kwa hiyo mzee hakukosea sana kuogopa: kwa kipimo cha namna hiyo, jibu pekee ambalo hesabu inaweza kutoa ni "uza". Na ng'ombe kwa Msukuma ni mahari, ni ada ya shule, ni benki isiyo na foleni.

Ngazi ya pili inauliza zaidi. Ng'ombe ana uzito gani? Ana umri gani? Anakula nini masika na kiangazi, anatembea kilometa ngapi kufuata maji, anatoa maziwa kiasi gani? Kazi hiyo imekwisha kufanyika kwenye ziwa letu hili hili, upande wa pili. Huko Nyando, karibu na Kisumu, watafiti walipima ng'ombe wa wakulima wadogo kwa mizani, msimu hadi msimu, na matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kwamba wengi wa ng'ombe wale wanatoa methani pungufu ya kile kiwango cha jumla. Jijini Nairobi, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, ina vyumba maalumu ambamo ng'ombe hukaa huku hewa anayotoa ikipimwa. Kenya imekwisha kutengeneza hesabu ya ngazi ya pili kwa ng'ombe wake wa maziwa. Kwetu, kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na nchi imejiwekea lengo la kupunguza gesijoto zote kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, kulinganisha na hali ambayo ingekuwapo bila kuchukua hatua. Lengo kama hilo bila kipimo kinachoona tofauti kati ya zizi na zizi ni sawa na kusahihisha mtihani kwa kuhesabu kurasa.

Hapa inatupasa kusema ukweli wote, hata ule usiopendeza. Ng'ombe anayekula vizuri hutoa methani nyingi zaidi kwa siku, si kidogo. Faida iko kwingine. Ng'ombe wetu wa asili mara nyingi huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka minne hivi, na hutoa lita moja au mbili za maziwa kwa siku. Miaka yote minne anacheua bila kutoa tone. Akilishwa vizuri akazaa mapema na kukamuliwa zaidi, methani kwa kila lita ya maziwa hushuka sana. Jumla ya nchi hushuka tu kama mfugaji, akiisha kuona kwamba ng'ombe kumi wanampa kile ambacho ishirini walikuwa wanampa, ataamua mwenyewe kubaki na kumi. Tunasisitiza: ataamua mwenyewe. Na hawezi kuamua hivyo wakati ana hofu kwamba kiangazi kimoja kibaya kitaua nusu ya kundi.

Malisho hayo ya kiangazi Wasukuma waliyajua kabla ya mwongozo wowote. Ngitili, eneo linalofungwa masika ili nyasi zibaki kwa ajili ya kiangazi, lilikuwa desturi ya wazee, likafifia, kisha likarudishwa kwa nguvu na mradi wa HASHI mkoani Shinyanga kuanzia 1986. Ongeza mashudu ya pamba, ambayo kanda hii inayo, na mabua yaliyohifadhiwa vizuri badala ya kuchomwa shambani.

Samadi nayo ina habari yake. Ikianguka malishoni na kukauka juani hutoa methani kidogo sana, kilo moja hivi kwa ng'ombe kwa mwaka kwa viwango vya 2006. Ikilundikwa kwenye shimo lenye maji huongezeka. Mtambo wa bayogesi hutengeneza methani kwa makusudi na kuiunguza jikoni, na kwa hiyo huokoa kuni na mkaa pia. Mpango wa taifa wa bayogesi majumbani ulianza 2009 chini ya CAMARTEC ya Arusha. Tunaupenda, ila tunaongeza neno: mtambo unaovuja kwenye maungio ni afadhali usingejengwa, samadi ingebaki juani.

Mpunga tupite haraka. Jaruba likikaa na maji muda wote, udongo hukosa hewa. Kilimo shadidi, ambacho huacha shamba likauke kidogo kabla ya kumwagilia tena, hupunguza methani na maji kwa pamoja, lakini kinahitaji mifereji inayodhibitiwa. Majaruba mengi ya Magu na Kwimba yanategemea mvua, na mvua haina koki.

Takataka ziko karibu nasi zaidi. Kutoka hapa Mkolani hadi Buhongwa, liliko dampo la jiji, si safari. Dampo huhesabiwa kwa uzito wa taka, kiasi cha vyakula na majani yaliyomo, na miaka, kwa sababu ganda la ndizi lililofukiwa miaka mingi iliyopita bado linaendelea kuoza. Huko Mtoni, Dar es Salaam, kulikuwa na mradi wa kukusanya gesi ya dampo la zamani kwa mabomba. Ni kazi ya fedha nyingi. Kutenganisha maganda na majani nyumbani na parokiani, yakageuzwe mboji yenye kupata hewa, ni kazi ya ndoo mbili.

Hesabu zote hizi za kuzidisha zinahakikiwa kutoka juu. Setilaiti kama ile ya Kijapani, GOSAT, iliyorushwa 2009, hupima methani iliyo angani. Vipimo vyake vilionyesha ongezeko kubwa juu ya mabwawa ya Sudd, Sudan Kusini, na watafiti walilihusisha na maji mengi yaliyotoka Ziwa Victoria kwenda Mto Nile. Maana yake, sehemu ya methani ya Afrika Mashariki hutoka kwenye matete na vinamasi, si kwa mtu yeyote. Ni muhimu kuitenga, ili mfugaji asibebeshwe ya kinamasi.

Katikati ya 2025 ilizinduliwa huko Bariadi kampeni ya taifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, ng'ombe wakivishwa hereni. Lengo lake ni magonjwa na soko, lakini ng'ombe mwenye hereni anaweza kuwa na rekodi ya umri na uzito, na hapo ndipo ngazi ya pili huanzia.

Tulimweleza mzee yote haya, kwa ufupi kuliko hapa. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza mashudu atayanunua kwa fedha gani mwezi wa tisa, wakati bei yake imepanda na ya ng'ombe imeshuka. Tukaongea habari za ngitili mpaka kengele ya mchana.