Cobra ya Kuunganisha: Mchunguze Mtengenezaji Kwanza

Mwaka 1962 Carroll Shelby alichukua gari jepesi la kampuni ya Kiingereza ya AC, akalitia injini ya Ford ya silinda nane, na Cobra ikazaliwa. Za wakati ule hazikuzidi elfu moja kwa mbali, na bei yake sasa haikamatiki. Ndiyo maana viwanda vingi huuza nakala, aghalabu kwa vipande ambavyo mnunuzi huunganisha mwenyewe.

Wanunuzi wengi huanza kwa kutazama bodi, na hapo ndipo wanapopotea. Bodi za faibaglasi hufanana mno zikishapigwa rangi. Nenda kiwandani, uombe kuoneshwa fremu kabla haijapakwa kitu. Fuata kila mahali palipochomelewa: mshono wa fundi mzuri una mawimbi madogo yanayolingana, hauna vitundu. Kisha geuza mlango ambao haujafungwa, uutazame kwa ndani. Ukiona nyuzi kavu ambazo resini haikuzifikia, ondoka; hapo ndipo nyufa zitakapoanzia.

Bei nayo isomwe kwa makini. Factory Five Racing ya Massachusetts, iliyoanza mwaka 1995, huuza seti kamili isiyo na injini, giaboksi, difu, rimu, matairi wala rangi. Kampuni hulisema hilo waziwazi, lakini mwenye hamu ya gari hupiga hesabu ya seti peke yake. Cobra za Superformance, zinazoundwa Afrika Kusini, hufika zikiwa zimeunganishwa na kupakwa rangi, zikisubiri injini na giaboksi. Ni ghali zaidi, ila kwa mtu asiye na karakana wala jioni za kutosha, naona ndiyo njia ya busara.

Kwangu mimi, kipimo kikubwa ni kitabu cha maelekezo na watu wanaopokea simu. Omba kitabu ukisome kabla hujalipa. Kama unaishi Uingereza, uliza pia ni magari mangapi ya modeli hiyo yaliyofaulu ukaguzi wa IVA, kwa kuwa bila kufaulu gari halisajiliwi, na wakaguzi hutazama hadi kingo zenye ncha kali.

Viwanda hivi vingi ni vidogo, na kikifungwa, malipo ya awali huzama nacho. Lipa kwa awamu, na namba ya fremu iandikwe kwenye mkataba wenye jina lako kabla hujatoa awamu ya pili.