Barua ya Jirani na Neno “If”

Jirani yangu ni fundi wa magari. Kwa miaka mingi amefanya kazi yake chini ya mwembe ulio nyuma ya nyumba yetu, akitegemea mikono yake na bahati ya siku. Mwaka mmoja aliona afadhali atafute ajira ya mshahara, akapeleka maombi katika karakana moja kubwa ya jijini, na baada ya majuma mawili akaletewa jibu. Barua ilikuwa ya Kiingereza, fupi, ya mistari mitatu tu. Mstari wa katikati, ambao ndio uliobeba jambo lote, ulisema hivi: “We would offer you the post if you produced your trade certificate before the end of the month.”

Kwa kuwa Kiingereza chake ni kile cha kuulizia spea dukani, alimpa barua mwanawe aliyekuwa kidato cha pili amsomee. Kijana aliisoma, akatafakari, kisha akasema: “Baba, wanasema wangekupa kazi kama ungeleta cheti.” Mzee akashusha pumzi, akaikunja barua, akaiweka sandukuni, akarudi chini ya mwembe wake.

Mimi niliiona barua hiyo yapata wiki sita baadaye, aliponiomba nimsaidie kupanga karatasi zake. “Hii ndiyo kazi iliyonipita, ndugu yangu,” aliniambia. Niliisoma mara mbili. Siku alipoletewa barua ile, kazi ilikuwa haijampita hata kidogo. Ilikuwa inamngoja, na ilimngoja mpaka mwisho wa mwezi. Na cheti alikuwa nacho: kilikuwa ndani ya sanduku lilelile, chini ya barua ileile.

Msomaji asiharakishe kumlaumu kijana. Tafsiri yake ilikuwa sahihi neno kwa neno. Shida ilianza pale maneno hayo yalipotoka kinywani mwake yakafika masikioni mwa baba yake.

Lugha yetu ina milango mitatu ya sharti. Wa kwanza ni -ki-, kwa jambo linaloweza kutokea: “Ukileta cheti, nitakupa kazi.” Wa pili ni -nge-, kwa jambo la kudhania, la sasa au la mbele: “Ungeleta cheti, ningekupa kazi.” Wa tatu ni -ngali-, kwa jambo lililokwisha pita na ambalo halirudi tena: “Ungalileta cheti, ningalikupa kazi.” Tofauti hii ya -nge- na -ngali- si jambo jipya. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Zanzibar, aliieleza katika kitabu chake cha Kiswahili kilichotolewa mwaka 1870, na walimu wetu wameifundisha tangu hapo.

Lakini mjini nani hutamka -ngali- siku hizi? Kituoni utasikia: “Ungekuja jana ungemkuta.” Jambo ni la jana, nalo limevikwa -nge-. Wengine huokoa jahazi kwa kusema “ungekuwa umekuja”, lakini walio wengi wameachia -nge- ibebe mizigo yote miwili. Mimi binafsi huona ni hasara, ijapokuwa nikiwa na haraka nami husema vivyo hivyo. Basi kijana aliposema “wangekupa kazi”, baba alisikia sauti ya majuto, akaelewa kuwa mlango umekwisha fungwa. Mzee aliyezoea -ngali- angaliuliza: “Wangenipa, au wangalinipa?” Swali hilo moja lingaliokoa mshahara.

Sasa tuutazame upande wa Kiingereza. Lugha hiyo haina silabi kama -nge- ya kupachika ndani ya kitenzi. Kwa hiyo huazima vazi la wakati uliopita, na hapo ndipo mgeni wa lugha anapopotea. Neno “produced” katika barua ile lina sura ya jambo lililopita, lakini halisemi habari za jana. Kitenzi kimerudishwa hatua moja nyuma ili kuonyesha kwamba jambo bado liko mbali na mkono, kwamba ni la kudhania tu. Mtu akisema “If I had money”, hasimulii fedha alizokuwa nazo mwaka jana. Anakiri kwamba leo mfuko wake ni mtupu. Na ikiwa jambo limepita kweli, Kiingereza hurudi hatua ya pili. Sentensi tatu za jirani yangu zingekuwa hivi:

“If you produce your certificate, we will offer you the post.”

“If you produced your certificate, we would offer you the post.”

“If you had produced your certificate, we would have offered you the post.”

Ya kwanza ni -ki-, ya pili ni -nge-, ya tatu ni -ngali-. Penye “had” iliyofuatwa na kitenzi kingine, na upande wa pili pana “would have”, mlango umefungwa. Pasipo na hayo, mtu afungue sanduku atafute cheti.

Tena liko jambo ambalo vitabu vya darasani hulipitia haraka. Katika barua za ofisini, sentensi ya namna ya pili mara nyingi ni adabu tupu. Mwandishi huliweka jambo mbali kidogo ili lisimchome msomaji. “We would be grateful if you paid this bill” maana yake ni “lipa”. Anayedhani kuwa hiyo ni dhana ya mtu aliyekaa akiwaza ataletewa barua ya pili isiyo na upole wowote.

Kosa kubwa la wanafunzi wetu ni jingine, nalo, ajabu, huwapata zaidi wale wanaokijua Kiswahili vizuri. Mwalimu wa Kiswahili huwafunza kwamba pande mbili za sentensi zioane: -nge- kwa -nge-, -ngali- kwa -ngali-; kuchanganya “ungesoma ungalifaulu” ni makosa. Mwanafunzi mtiifu huchukua sheria hiyo akavuka nayo mpaka. Huandika: “If I would know, I would come.” Amepachika “would” pande zote mbili, kama alivyofunzwa kupachika -nge-. Kiingereza kinachofundishwa shuleni hakitaki hivyo. “Would” hukaa upande wa jibu peke yake, upande wa “if” hupewa lile vazi la kuazima: “If I knew, I would come.” Mtoto akielezwa kwamba amekosea kwa sababu ameitii lugha yake, huona haya kidogo tu na kukumbuka sana. Akikatwa kwa wino mwekundu bila maelezo, atalirudia kosa hilo mpaka kidato cha nne.

Hali kadhalika kwa mambo ya kesho. Sisi tunasema “mvua ikinyesha kesho”, na -ki- haijishughulishi na wakati. Mwanafunzi, akiona ni habari ya kesho, huandika “if it will rain”. Inatosha kusema “if it rains”. Neno “will” lingoje upande wa jibu.

Hiyo -ki- yetu ina mtego wa pili, wa kuchekesha lakini wenye uzito. Mama anamwambia mwanawe anayepanda basi: “Ukifika Morogoro, nipigie simu.” Kwetu ni maneno ya kawaida. Kiingereza humlazimisha mama huyo kuchagua: “when”, ikiwa hana shaka kwamba mtoto atafika, au “if”, ikiwa huenda asifike. Akisema “If you reach Morogoro, call me”, Mwingereza atamtazama dereva kwa wasiwasi.

Na mwenye kupanga chumba ajihadhari na neno “unless”. Neno hilo limekwisha meza -sipo- tumboni mwake. “Unless you pay, you will leave” ni “usipolipa, utahama”. Wengi huongeza kanusho la pili wakaandika “unless you don’t pay”, na kwa hiyo mkataba wao humtishia kumfukuza mpangaji anayelipa.

Mambo haya si ya darasani peke yake. Shule za msingi za Serikali, Tanzania Bara, hufundisha kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mtoto anayeingia kidato cha kwanza hukutana na “if” katika hesabu, katika fizikia, katika kila swali la mtihani linaloanza na tuseme. Na nyumbani yeye ndiye karani wa familia: barua ya benki, karatasi ya bima, maelezo ya dawa, vyote hupita mikononi mwake. Mzazi asiyejua Kiingereza bado ana kazi anayoiweza. Anaweza kumuuliza mtoto kwa Kiswahili kilichonyooka: hili linawezekana, ni la kudhania, au limekwisha pita? Mimi na binti yangu hufanya hivyo baada ya chakula cha jioni. Nampa sentensi ya Kiswahili, anataja mlango, kisha anaipeleka katika Kiingereza. Juzi alinibana kwa swali: mbona “If I were you”, wakati “I” siku zote huchukua “was”? Nilimjibu kwamba hilo ni baki la sura ya zamani ya kitenzi, lililosalia kama kigae cha mtungi wa bibi. Hakuridhika sana.

Ama jirani yangu, siku ile ya karatasi nilimshauri tuiandikie karakana. Tuliandika kwa unyenyekevu kwamba, kama nafasi ingalipo, angeleta cheti siku hiyohiyo. Jibu halikukawia. Mwanawe ndiye aliyelifungua, nami nikiwa nimekaa kwenye benchi pembeni. Lilisema: “We would have offered you the post if you had replied in time.”

Kijana alinyamaza kidogo. Kisha akamgeukia baba yake, akasema polepole: “Baba, safari hii ni wangalikupa.”