Je, Wajua? Hoja Iliyonyooka Inaweza Kumuua Mgonjwa

Baba wa mantiki alizaliwa nyumba ya tabibu
Aristotle, Mgiriki aliyezaliwa mwaka 384 KK na kuziweka kanuni za mantiki kwenye maandishi, alikuwa mtoto wa Nicomachus, tabibu wa mfalme Amyntas wa Makedonia. Mantiki yake huanza na kanuni ya jumla, ikashuka hadi kwa mtu mmoja. Kasoro yake ni hii: kanuni ikiwa mbovu, jibu nalo litakuwa bovu, hata kama kila hatua katikati haina dosari.

Dripu iliyogeuka hatari
Mtoto ana homa kali, viganja vimepoa. Nesi anambonyeza ukucha, anaachia, anahesabu: wekundu ukichukua sekunde 3 au zaidi kurudi, damu haizunguki vizuri. Hoja ikaja yenyewe. Mzunguko umedorora, maji huongeza ujazo wa damu, basi mwagieni maji mengi kwenye mshipa, haraka! Nani angebisha? Utafiti wa FEAST ulibisha. Ulihusisha watoto 3,141 katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania, ukasimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yakatangazwa mwaka 2011. Katika kila watoto 100 waliomiminiwa maji kwa kasi, karibu 11 walifariki ndani ya saa 48. Kwa waliopewa maji ya kawaida polepole, walikuwa karibu 7. (Watoto wa kuhara hawakuwemo, kwa hiyo usije ukamnyima mwanao maji ya chumvichumvi!) Kitu ambacho vitabu vilikichukulia kuwa hakina mjadala kilipinduliwa na wodi za Afrika Mashariki, na mimi hilo huwa sichoki kulisimulia.

Watu 60, hesabu moja, majibu kila upande
Mwaka 1978 watafiti wa Harvard waliwauliza madaktari na wanafunzi wa udaktari 60 swali hili. Ugonjwa humpata mtu 1 kati ya 1,000. Kipimo huwasingizia ugonjwa watu 5 katika kila wazima 100. Sasa mtu amepimwa, jibu linasema anao: uwezekano wa kuwa anao kweli ni upi? Karibu nusu walisema asilimia 95. Hebu tuhesabu. Katika watu 1,000 mgonjwa ni 1, lakini kipimo kitawasingizia wazima kama 50. Kwa hiyo ni mmoja kati ya 51, yaani asilimia 2 hivi! Waliopatia walikuwa 11 tu.

Punda milia si adimu kila mahali
Madaktari wa Marekani wana msemo unaohusishwa na Theodore Woodward wa Chuo Kikuu cha Maryland: ukisikia mshindo wa kwato, fikiria farasi, si punda milia. Maana yake, anza na ugonjwa wa kawaida. Kamwambie hivyo askari wa hifadhi ya Serengeti uone atakavyokucheka. Ila na sisi tuna farasi wetu, naye ni malaria. Homa ya juzi ilikuwa malaria, ya jana malaria, basi na ya leo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwafuatilia wagonjwa 4,474 waliokuwa wakitibiwa malaria kali katika hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania, na waliokutwa na vimelea kwenye damu hawakufika nusu. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linasisitiza: pima kwanza, ndipo utibu.

Sherlock Holmes alitokea hospitalini
Mwandishi Arthur Conan Doyle alimchonga Holmes, mpelelezi wake, kwa mfano wa Joseph Bell, daktari wa upasuaji aliyemfundisha Edinburgh na aliyeweza kumwangalia mgonjwa mlangoni akakwambia kazi yake. Hii ni aina ya tatu ya mantiki, ile ya kukisia chanzo kutokana na dalili, ambayo mwanafalsafa Charles Peirce aliitofautisha na zile mbili nyingine: ile ya kushuka kutoka kanuni hadi kwa mtu mmoja, na ile ya kujenga kanuni kutokana na mifano mingi, kama homa za juzi na jana. Ina kasi ya ajabu na haina dhamana yoyote: huenda kiatu chenye matope ni cha kuazima.

Simba hatoshi kuwa shahidi
Miaka 1,000 iliyopita, katika Qanun, kitabu chake cha tiba, tabibu Ibn Sina aliandika masharti saba ya kujaribu dawa. Mojawapo linasema ijaribiwe kwa binadamu, kwa kuwa kilichoonekana kwa simba au farasi huenda kisiwe na maana yoyote kwa mtu.

Alikunywa bakteria ili asikilizwe
Iliaminika kwamba asidi ya tumbo haiachi bakteria hai, hivyo vidonda vya tumbo vikasukumiwa mawazo na pilipili. Mwaka 1984 daktari Barry Marshall wa Australia, aliyeamini kwamba chanzo ni bakteria, akawajaza kwenye kikombe, akanywa. Siku chache baadaye alikuwa akitapika, na nyumbani wakalalamikia harufu ya kinywa chake. Yeye na mwenzake Robin Warren walipata Nobel mwaka 2005. Mtu mbishi angesema, na kwa haki, kwamba Marshall alipata uvimbe wa ukuta wa tumbo tu, kidonda hakukipata. Kwa kidonda chenyewe, ushahidi ulikuja kwa wagonjwa waliopewa antibiotiki: kwa wengi wao vidonda vilipona na havikurudi.