Mbwa wa Kizingitini

Mtu aliyezaliwa pwani, akalelewa katika nyumba ambamo paka alikuwa na ruhusa ya kulala juu ya mkeka ilhali mahali pa mbwa palikuwa nje ya ua, hawezi kuingia mara ya kwanza katika nyumba ya Kiingereza na kumkuta buldogi amejinyosha ukumbini bila ya moyo wake kushituka. Mimi nilishituka. Nilikuwa nimepanga chumba kwa bibi mmoja mjane, kusini ya London, na asubuhi ya kwanza niliposhuka ngazi niliona mbele ya mlango wa barabarani kiumbe kipana, cheupe chenye mabaka ya hudhurungi, kichwa kikubwa kama mtungi, taya la chini limetangulia mbele, meno mawili yanachungulia nje ya mdomo, na makunyanzi ya uso yameshuka mpaka machoni kama ya mzee aliyedhulumiwa haki yake. Nilidhani amenikusudia. Kumbe alikuwa amelala, na sauti ile niliyoifikiri kuwa ngurumo ya ghadhabu ilikuwa ni mkoromo. Bibi alitokea jikoni, akaniambia nimruke tu, maana Mabel hampishi mtu.

Tangu siku ile mpaka nilipohama niliishi na Mabel miaka mitatu, na ninayoyaandika hapa ni shukurani yangu kwake.

Sura ile ya kutisha ina asili yake. Katika karne zilizopita Waingereza walikuwa na mchezo wa ukatili mkubwa: fahali alifungwa kwa kamba kwenye kigingi cha chuma katikati ya uwanja, kisha akaachiliwa mbwa, na sifa ya mbwa ilikuwa kumkamata fahali puani na kutomwachia hata akirushwa juu na kuanguka. Watu waliamini kwamba nyama ya fahali aliyeteswa hivyo huwa laini zaidi, na katika baadhi ya miji mchinjaji aliyemchinja fahali bila ya kumpambanisha kwanza na mbwa alitozwa faini. Mwaka 1835 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku mchezo huo, na buldogi, aliyeumbiwa kazi moja tu, akabaki hana kazi. Ingekuwa rahisi kabila lake litoweke. Lakini walikuwepo watu waliompenda kwa nafsi yake, wakaendelea kumfuga, wakichagua kizazi baada ya kizazi wale wenye tabia ya upole, na mwaka 1875 wakaunda London chama cha kuwahifadhi buldogi. Hivyo ndivyo uso wa vita ulivyobaki ukafunika moyo usiojua vita. Mabel mwenyewe, aliyekaribia ratili hamsini kwa uzito, aliwahi kukimbizwa mbele ya macho yangu na paka wa jirani, naye akaja kujificha nyuma ya miguu yangu, akitweta, hali mwili wake wote ukionekana.

Furaha ya kuishi na mnyama huyu haiko katika mambo makubwa. Asubuhi bibi alipokuwa na maumivu ya magoti, nilimtoa Mabel kwa matembezi, na matembezi hayo yalikuwa na utaratibu wake usiobadilika: tulikwenda kwa mwendo wa taadhima mpaka kwenye duka la maua, hapo Mabel akaketi katikati ya njia, na alipoketi hapana ushawishi wala mvuto wa kamba uliomnyanyua kabla ya wakati aliouridhia mwenyewe. Watu waliokuwa wakikimbilia treni, wenye nyuso zilizofungwa kwa baridi na haraka, walimtazama, wakapunguza mwendo, wakacheka. Wengine walisimama kumkuna nyuma ya masikio, na baada ya hapo wakanisalimu na mimi. Katika mji ambao mtu anaweza kupanda basi mwezi mzima bila ya kuambiwa neno, nilipata watu wengi wa kujuana nao kwa sababu ya mbwa kukataa kutembea.

Kisha kulikuwa na bashasha yake. Mkia wa buldogi aghalabu ni kifundo kifupi kilichojisokota, kisichoweza kutikisika, basi furaha ikimjia hutikisika yeye mzima, kuanzia mabegani mpaka nyuma, kama mtumbwi uliopigwa na wimbi la ubavuni. Na jioni kulikuwa na kazi ya kumsafisha uso, maana unyevu ukikaa ndani ya makunyanzi ngozi huwasha na kuota vidonda. Bibi alichukua kitambaa laini kilichotiwa maji ya vuguvugu, akafungua kunyanzi moja moja juu ya pua, akalipangusa na kulikausha, na Mabel akafumba macho, ulimi ukimtoka kidogo pembeni, akapiga pumzi ndefu ya kushiba raha.

Wasomaji wengi watauliza juu ya najisi, na swali ni la haki. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, tunayoyafuata watu wengi wa pwani, mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, nami nilishika sharti hilo: vyombo vyangu vilikuwa mbali, nguo zangu za sala zilikuwa mbali, na bibi alizoea kumwita Mabel kwake kila nilipokwisha kutawadha. Lakini dini hiyohiyo imetusimulia habari ya mtu aliyesamehewa kwa sababu ya kumnywesha mbwa mwenye kiu, na imewataja Watu wa Pangoni pamoja na mbwa wao aliyenyosha mikono yake miwili kizingitini. Kila nilipomruka Mabel mlangoni, mikono yake miwili mbele, nilimkumbuka mbwa yule.

Dunia nayo imemtukuza buldogi kwa namna zake. Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kimekuwa na buldogi wake tangu 1889, na kila mmoja huitwa Handsome Dan. Mwaka 1922 askari wa Marine wa nchi hiyohiyo walimwandikisha kikosini buldogi aitwaye Jiggs, ambaye alipanda cheo hadi Sajini Meja. Na mwaka 2015 mjini Lima, Peru, buldogi aitwaye Otto alipita juu ya ubao wa magurudumu katikati ya miguu ya watu 30 waliopanga safu. Mabel hakupanda kitu chochote isipokuwa kiti cha bibi.

Hata hivyo, mapenzi yasiyoambatana na uangalifu humdhuru mnyama huyu. Ufupi wa pua yake, uliozidishwa na wafugaji waliopenda sura kuliko afya, umeibana njia ya pumzi. Na kwa kuwa mbwa hupoza mwili kwa kutweta, siku ya joto kali yaweza kumuua. Majike wengi hushindwa kuzaa wenyewe, wakazalishwa kwa kupasuliwa. Huko Norway, mwaka 2022, suala la kuwazalisha buldogi lilifika mahakamani, na mimi naliunga mkono kwa moyo wote kundi la wafugaji wanaotaka kumrudishia pua ndefu kidogo, hata kama uso wake utapungua ajabu. Anayetamani kumfuga Mombasa au Dar es Salaam, kwenye joto na unyevu wa Machi, nitamsihi asifanye. Hata London, siku za Julai, tulimlaza Mabel juu ya vigae vya jikoni, taulo lililoloweshwa limetandikwa chini ya tumbo, pangaboi likimwelekea, na bibi akakaa kando yake akihesabu pumzi.

Asubuhi ya kuondoka kwangu teksi ilikwisha kufika. Nilishuka na sanduku, nikamkuta Mabel mahali pake, amelala kwa upana wa mlango wote, akikoroma. Ningeweza kumruka kama nilivyozoea. Niliweka sanduku chini, nikakaa kwenye ngazi ya mwisho, nikamwomba bibi amwambie dereva anisubiri kidogo.